Aliposema "siwezi" mi nilisikia "sitaki"

Karatasi ilikuwa na maswali sita tu. Hesabu za kutoa, zile za kukopa kwenye makumi, na mwanangu kutoa anajua vizuri kabisa, ukimuuliza mkiwa mnatembea anakujibu kwa kichwa kabla hujamaliza kuuliza, lakini jioni ile tulikaa mezani masaa mawili na nusu na karatasi ikabaki na jibu moja na tundu katikati pale alipofuta mpaka ikachanika. Alienda chooni mara nne. Penseli ilianguka sijui mara ngapi. Akaniuliza kama papa huwa wanalala. Mwisho akaingia chini ya meza akakataa kutoka, analia, anasema "Mama siwezi, siwezi, siwezi", na mi nimesimama pale na uchovu wangu wa siku nzima nikamwambia kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, "Unaweza, hutaki tu!"

Alikuwa na miaka 7. Sasa ana 9 na yale maneno bado nayajutia, na kinachoniuma zaidi hata sio zile kelele, ni kwamba kati yetu wawili pale aliyekuwa anasema ukweli ni yeye.

Jina la hali yake tulilipata miezi michache baadae, ni ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kushikilia umakini, kutulia au kujizuia. Mwalimu alituita akasema darasani nako ni vilevile, anainuka, anasahau daftari, anaanza swali la kwanza anaishia kuchora pembeni, ila ukimpa kitu anachokipenda hata kengele haisikii. Tukaenda kwa daktari wa watoto, akapimwa macho na masikio kwanza, mi na baba yake tukajaza fomu, mwalimu nae akajaza ya kwake. Naeleza hivi sababu najua kuna mzazi atasoma dalili tatu kwenye simu usiku na asubuhi ameshaamua mwenyewe. Haiendi hivyo. Kwa vigezo ambavyo madaktari wengi wanavitumia, mtoto awe na dalili zisizopungua 6 za kukosa umakini, au 6 za kutotulia na kukurupuka, ziwe zimedumu angalau miezi 6, zimeanza kabla hajafika miaka 12, na zionekane sehemu zaidi ya moja, yaani nyumbani na shuleni. Mtoto ambaye shida iko kwenye homuweki ya hesabu peke yake anaweza kuwa na shida nyingine kabisa, labda haoni ubao, labda kusoma ndio kugumu. Na wako ambao wana ADHD na shida ya kusoma au kuandika kwa pamoja, kwa hiyo msiache kuuliza.

Jioni ya siku ile baba yake alikaa kimya muda mrefu na ile karatasi ya daktari mkononi alafu akaniambia, "Hii ni ripoti yangu ya shule." Hakuwa anatania, macho yalikuwa yamejaa. Hali hii inarithiwa kwa kiwango kikubwa mno, tafiti za mapacha zinaweka mchango wa urithi kwenye asilimia 70 hadi 80, na ndio maana nawaambia akina mama wenzangu acheni kujitafuna kwamba mmemdekeza au mmemwachia sana tivii. Na kwa wale ndugu wanaosema haya magonjwa yamekuja juzi na intaneti, daktari wa watoto mmoja London, George Still, aliwaeleza wenzie kwenye mihadhara ya mwaka 1902 kuhusu watoto wenye akili zao timamu ambao hawawezi kushikilia umakini wala kujizuia. 1902 jamani, hata redio majumbani ilikuwa bado.

Sasa nije kwenye lile neno lake, siwezi.

Kuna mwanasaikolojia Mmarekani anaitwa Russell Barkley, amefanya kazi ya ADHD kwa miaka mingi sana, na hoja yake kubwa ni kwamba tatizo la hawa watoto haliko kwenye kujua, liko kwenye kufanya wanachokijua, pale pale kinapohitajika. Niliposikia hilo nikamkumbuka chini ya meza. Kutoa alikuwa anajua. Alichokuwa hana jioni ile ni ile nguvu ya ndani ya kujiambia "haya chukua penseli, angalia swali la kwanza, anza" hata kama swali linachosha. Wewe na mimi tunaifanya bila kuiona, tunachukia kuosha vyombo ila mkono unaenda wenyewe. Kwake hapo katikati hakuna daraja. Barkley anakadiria kwamba kwenye uwezo wa kujiongoza mtoto mwenye ADHD yuko nyuma ya umri wake kwa asilimia 30 hivi, ni kadirio la kusaidia kufikiri, ila mi nilipopiga hesabu nikakaa chini. Mwanangu wa miaka 9 kwenye kujisimamia ni kama wa miaka 6. Je mtoto wa miaka 6 ungemwambia nenda chumbani kafanye homuweki yako peke yako urudi umemaliza?

Na hili halijabaki kwenye hisia za wazazi tu. Mwaka 2007 watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani wakiongozwa na Philip Shaw walichapisha picha za ubongo za watoto 223 wenye ADHD na wengine 223 wasio nayo, wakakuta gamba la ubongo, yaani lile tabaka lake la nje, kwa hawa wenye ADHD linakua kwa mpangilio uleule, ila kwa wastani linafika kilele cha unene kwenye miaka kumi na nusu wakati wenzao wanafika kwenye saba na nusu. Na sehemu zilizochelewa zaidi ni zile za mbele, ambazo ndio za kupanga, kusubiri, kujizuia. Niliisoma ile mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa kitandani kwake amelala.

Ukishalielewa hilo unaona kwamba homuweki ni kama imetengenezwa makusudi kumshinda mtoto wa aina hii. Inakuja mwisho wa siku, ameshatumia masaa yote shuleni kujibana akae akae akae. Inachosha. Faida yake iko mbali, eti utafaulu mwisho wa mwaka, na hawa watoto ubongo wao zawadi ya mbali hauioni kabisa, hata mwisho wa wiki ni mbali. Inataka ashike vitu vitatu kichwani kwa wakati mmoja na ile sehemu ya kushika vitu kichwani ndio dhaifu. Na kama anatumia dawa, mara nyingi ndio saa inaisha nguvu. Hili la dawa hatukuambiwa mwanzoni tukalijua kwa machozi. Dawa ya ADHD inayoitwa methylphenidate, ile ya muda mfupi, inafanya kazi masaa 3 au 4 hivi, zile za muda mrefu zinaenda 8 mpaka 12 kutegemea aina, na wa kwangu alikuwa anaimeza asubuhi, kufika saa kumi jioni hamna kitu, tena anakuwa mkali kuliko kawaida kwa muda kidogo, na saa kumi ndio saa niliyokuwa namkalisha! Nilimuona daktari na daftari nililoandika masaa kwa wiki mbili, akabadilisha mpangilio. Tafadhali usibadilishe mwenyewe, andika masaa umpelekee.

Najua dawa ni mada inayogombanisha watu na leo siiingii sana. Nitasema tu kwamba ule utafiti mkubwa uliotoka Marekani mwaka 1999, watoto 579 waliofuatiliwa miezi 14, ulionyesha dawa iliyosimamiwa vizuri inapunguza dalili zenyewe kuliko mafunzo ya tabia peke yake, na wale waliopata vyote viwili walihitaji dozi ndogo kidogo kuliko wa dawa tupu. Kwetu imesaidia. Ila dawa haikumfundisha kuanza homuweki, ilimpa nafasi ya kufundishika, hizo ni kazi mbili tofauti.

Kilichotubadilishia jioni zetu ni kitu kidogo mpaka naona aibu kukiandika, ni dakika tano za kwanza. Baada ya kumuangalia kwa wiki kadhaa bila kusema sana (hili lilikuwa gumu kwangu kuliko kwake) niliona kwamba akishaingia ndani ya kazi, akishaandika majibu mawili matatu, mara nyingi anaenda. Vita vyote, vyoo vyote, penseli zote za kuanguka, zinatokea kabla ya herufi ya kwanza. Kwa hiyo nikaacha kupigania homuweki nzima nikaanza kupigania mwanzo tu.

Nakaa nae. Simu naiweka chumba kingine, simu yangu mi, sio yake. Namwambia "nikuanzishie?", alafu mi ndio naandika tarehe, mi ndio nasoma swali la kwanza kwa sauti, mi ndio naandika namba zake kwenye karatasi chakavu na yeye anasema tu nifanye nini. Swali la kwanza linatoka kinywani kwake na mkononi kwangu. La pili tunashika penseli wote ikibidi. La tatu mara nyingi ananipokonya penseli. Kuna ndugu yetu mmoja alituona akasema "unamfanyia mtoto kazi", nikamwambia hapana dada, gari likikataa kuwaka watu wanalisukuma mpaka liwake, hakuna anayesema wamelibeba mpaka mwisho wa safari.

Karatasi ya maswali kumi naikunja. Anaona mawili, akimaliza tunakunjua mengine mawili. Maswali yale yale, ila ukurasa uliojaa unamtisha, anauona wote kwa pamoja kama ukuta, na aliwahi kuniambia mwenyewe "yananiangalia yote". Siku nyingine nayakata kwa mkasi kabisa anayavuta kutoka kwenye kopo moja moja. Tunatumia taima ile ya kuona rangi ikipungua maana yeye dakika kumi za kusikia hazina maana yoyote kwake, kumi na arobaini ni kitu kimoja, ila rangi anaiona inaisha. Dakika kumi kazi, tatu za kuruka, na hizo tatu lazima ziwe za mwili, kama ni za skrini hatarudi, tumejaribu mara nyingi tukaacha.

Halafu kutulia. Nilipoteza karibu mwaka mzima nasema "kaa vizuri". Sasa anafanya hesabu amelala kwa tumbo sakafuni miguu iko juu ya kiti, au amesimama anapiga piga goti ukutani, mi naangalia karatasi tu. Kuna utafiti wa mwaka 2015 wa kundi la Mark Rapport pale Florida ulioonyesha kwamba kwa vijana wa kiume wa miaka 8 hadi 12 wenye ADHD, kadri walivyokuwa wanajigeuza geuza ndivyo walivyofanya vizuri zaidi kwenye mazoezi ya kushika vitu kichwani, na kwa wasio na ADHD ikawa kinyume chake. Yaani ule mguu ninaouzuia ndio aliokuwa anafikiria nao. Niliporuhusu mguu, nusu ya ugomvi wetu ikaisha siku ile ile.

Vitu vilivyokataa nivitaje pia. Chati ya nyota ukutani ya kupata zawadi Jumamosi, ilidumu siku nne, Jumatatu na Jumamosi kwake ni nchi mbili tofauti. Tukabadilisha, zawadi inakuja hapo hapo, akimaliza sehemu tunacheza mchezo wa karata wa dakika tano au anachagua nani ambebe mgongoni kwenda kuoga, na tunabadilisha kila baada ya wiki mbili tatu maana zikizoeleka zinakufa. Kumnyima kucheza nje kwa sababu hakumaliza, hilo lilikuwa kosa baya kuliko yote, tulikuwa tunamnyang'anya kitu kile kile kinachomsaidia, kesho yake anakuja na moto mara mbili. Kumlinganisha na dada yake ambaye anamaliza peke yake, sitaki hata kulieleza. Na mahubiri. Yale maelezo marefu ya kwa nini elimu ni muhimu, mtoto aliye katikati ya kilio hasikii kitu, ubongo uko kwenye moto, sema maneno matatu kaa karibu nyamaza. Akiwa ameshalipuka mi siku hizi nafunga daftari. Sio adhabu wala sio zawadi, nasema tu "tumefika mwisho wa leo", na naandika ujumbe kwa mwalimu.

Mwalimu. Hapa nilichelewa sana sababu nilikuwa naona aibu, nilidhani nikisema hajamaliza nitaonekana mzazi mzembe, kwa hiyo nilikuwa namshikilia mtoto mpaka saa tatu usiku ili karatasi irudi imejaa, na mwalimu akawa anaona karatasi zimejaa anadhani kila kitu sawa! Nilipomwambia kwamba kile anachodhani ni dakika ishirini nyumbani kwetu ni masaa mawili, alishtuka kweli. Tukakubaliana nawasha taima, anafanya kazi kwa bidii dakika thelathini, tunapiga mstari nasaini, kilichobaki kimebaki. Hizo thelathini hatukuziokota hewani, walimu wengi Marekani wanafuata kanuni ya dakika 10 kwa kila darasa, darasa la kwanza 10, la pili 20, la tatu 30, na Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke ambaye amepitia tafiti nyingi za homuweki anaiunga mkono, na katika mapitio yake uhusiano wa homuweki na kufaulu kwa watoto wa shule ya msingi ni mdogo mno ukilinganisha na wa sekondari. Mi sisemi zifutwe. Ila niliposoma hivyo nikajiuliza nilikuwa namlipisha mtoto wangu nini kila jioni, na kwa ajili ya faida ipi.

Tuliomba pia aandike namba za kufanyia kazi tu asinakili swali zima, maana kuandika kunammaliza, na kwamba asitoke darasani kabla mwalimu hajaangalia kama daftari limo kwenye begi. Mwalimu akakubali vyote. Najua sio kila mwalimu atakubali na wengine wana watoto sitini darasani, mi nilianza na ombi moja dogo, lile la begi, mengine yakafuata baada ya kuona linafanya kazi. Nenda na ombi moja.

Kwa wale mnaosoma hii mkiwa mmejifungia chooni kwa sababu mtoto yuko mezani analia na nyie mnalia (nimekuwa hapo, najua hata baridi ya ile sakafu) naomba usiku wa leo mfunge daftari. Kweli fungeni. Mtoto wa miaka 8 au 9 ana miaka mingi sana mbele ya kujifunza kutoa na kujumlisha, na kuna programu na vitabu na walimu kibao wa kumfundisha hiyo, ila mtu wa kumkimbilia akishindwa ni wewe, na akishaanza kukuogopa kwenye kushindwa ataanza kuficha. Wa kwangu aliwahi kuficha. Nilikuta karatasi kumi na moja zimekunjwa ndogo ndogo nyuma ya kabati, kila moja ina jina lake juu na tarehe, kaandika jina na tarehe alafu basi, kumi na moja. Alikuwa ameanza kumi na moja peke yake chumbani na kila mara alikwama pale pale.

Nimezihifadhi. Baba yake alitaka tuzitupe nikakataa, nazitoa nikianza kusahau.

Bado zipo siku mbaya, wiki iliyopita Jumanne ilikuwa mbaya mno, insha ya nusu ukurasa, akapiga meza akasema yeye ni mjinga, na hilo neno likanipasua maana hakulitoa kwangu, amelitoa huko nje na amelibeba mpaka nyumbani. Nilimwambia hujakwama kwenye akili, umekwama kwenye kuanza, na kuanza kuna watu wa kusaidiana. Sijui kama alisikia. Tulifunga daftari, tukaenda nje tukatembea mpaka giza, na insha akaniambia mdomoni nzima tukiwa tunatembea, nzuri kabisa, ya mbwa anayeogopa mvua, mi nikaichapa kwenye simu neno kwa neno, asubuhi akaianza kuinakili, mistari mitano, nyingine tukaibandika.

Alhamisi alirudi, akatupa begi, akaruka ruka robo saa nje kama kawaida yake, akaja mezani. Nikasogeza kiti nikamuuliza, "Nikuanzishie?" Akaangalia ile karatasi, akaikunja mwenyewe yakabaki maswali mawili.

"Leo usinianzishie Mama. Kaa tu hapo."

Nikakaa.